Jioni Niliyomwambia Thembo Aweke Kafi Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa viatu vya namba tisa, na mguu wangu ni namba sita. Afande aliyekuwa mkubwa wa kituo chetu, nje kidogo ya mji wa Kasese, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akacheka. "Wewe mama, hiyo kiatu iko sawa. Jaza nguo ndani. Tembo haangalie kiatu." Nikajaza gauni langu kuukuu, nusu huku nusu huku, nikatembea hivyo miezi minne. Nawaambia haya nyinyi mnaoanza kazi ya askari wa wanyamapori leo, mnaonung'unika kwa sababu simu ya upepo imepungua chaji. Haya, tulieni niwasimulie.

Wakati ule doria ya usiku ilikuwa na vifaa vitatu: bunduki, tochi na masikio. Tochi ilikuwa ya watu sita. Kwa hiyo kazi hasa ilifanywa na masikio. Sajini aliyetufunza alitukalisha gizani kando ya mashamba, akakataza hata kukohoa. Tembo akiingia kwenye mahindi, miguu yake huisikii kabisa; unasikia mabua yakikatika. Nyati anapumua kwa hasira hata kama hujamkosea. Kiboko akiwa nchi kavu ananyoa majani, kwaru, kwaru, na akinyamaza ghafla ujue ameshakusikia wewe. Mimi haya hayakunisumbua sana. Nimezaliwa Mahango, mlimani, na tangu nikiwa msichana nimelala shambani kulinda maharage yasiliwe na nguruwe pori. Sajini akasema, "Masika huyu anasikia mpaka mchwa." Ee, nilivimba kichwa wiki nzima!

Nilihamishwa vituo vingi, nikaolewa, nikazaa, nikawa koplo. Nywele zilikwisha kuanza kuwa na mvi ilipofika kamera ya joto.

Ililetwa ndani ya sanduku jeusi lenye sponji, moja tu kwa kituo kizima. Ukubwa wake unatosha kiganja, ina mkanda wa kuvaa shingoni na tundu la kuchungulia lenye mpira. Afande mkuu wa wakati huo, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha wafu, alitupanga mstari. "Nani hanywi pombe hapa?" Watu wakaanza kutazama viatu vyao. "Nani hajapoteza kitu ya serikali tangu aanze kazi?" Wenzangu wote wakanigeukia mimi. Basi ndivyo nilivyokuwa mwenye kamera. Wala hakukuwa na mtihani mwingine.

Kamera ile haihitaji mwanga hata chembe. Inaona joto. Chenye joto kinatokea cheupe, cha baridi kinatokea cheusi, na katikati kuna kijivu cha kila namna. Usiku wa kwanza nilimwona sungura mita mia mbili, anang'aa kama mbalamwezi, nikapiga kelele peke yangu. Lakini ina tabia zake. Haipenyi kioo: koplo mwenzangu alichungulia akiwa ndani ya gari, dirisha limefungwa, akatangaza kwamba mbuga nzima imekufa; kumbe alikuwa anaona joto la uso wake mwenyewe. Kila baada ya dakika chache inalia tik, picha inaganda kidogo, inajirekebisha. Na usipoubana ule mpira jichoni, mwanga wa ndani unakupaka usoni, kila mwenye macho anakuona wewe kwanza. Halafu mawe na vichuguu. Jua likishinda linavichoma, navyo hukaa na joto mpaka usiku mkubwa, kila jiwe linajifanya nyati. Hayo yote niliyajua. Nilidhani nimeyamaliza.

Ndipo nikapelekwa Kahendero, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa George. Kazi yangu ilikuwa kusimama mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, giza likiingia, wavuvi wanapokwenda kutega nyavu, niwaambie viboko wako wapi. Wanaume wawili walikuwa wameshauawa pale kabla sijafika.

Mwalo ule una desturi yake. Hakuna anayeshuka majini kabla mpiga kafi hajapiga. Mpiga kafi wakati huo alikuwa Thembo, mvuvi wa makamo, mwembamba, mwenye maneno machache. Alikuwa anasimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anaupiga ubavuni kwa kafi lake mara tatu, kisha anainua mkono. Watu wote wananyamaza, hata watoto. Kiboko aliye karibu atakoroma, au matete yatatikisika, au maji yatabubujika. Thembo akiridhika anashusha mkono, anasema, "Shukeni." Neno moja tu. Kafi lile alikabidhiwa mbele ya wavuvi wote, na sheria ilikuwa hii: mpiga kafi akishuka bila kupiga, ananyang'anywa, wala harudishiwi. Kwa Thembo lilikuwa ndiyo heshima yake duniani. Hakuwa na mtumbwi, hakuwa na nyumba ya mabati, lakini wazee walimpisha njia.

Wiki mbili za kwanza tulifanya kazi pamoja vizuri mno. Yeye anapiga, mimi natazama. "Afande, mwenzio yuko upande wa matete," anasema. Nachungulia, naam, huyu hapa, mweupe pe! Tulicheka. Nyakati zile nazikumbuka kwa furaha: harufu ya samaki ngege wa kukaanga kwa kina mama, wavuvi wakinitania kwamba nikistaafu wataniozesha kwa mzee mmoja asiye na meno. Nilipendwa pale. Na mtu akipendwa anaanza kujiona.

Nikaanza kuona kelele ya kafi inaniharibia. Viboko wakiisikia wanazama au wanajificha, kamera inakosa kazi. Jioni moja nikamwambia Thembo mbele ya watu, "Hilo kafi lako limestaafu, kaka. Weka chini leo, nione mwenyewe."

Alinitazama. "Afande, una hakika?"

"Mashine haidanganyi. Weka."

Akaliweka. Lilikuwa neno la askari mwenye sare, angefanyaje?

Nikapitisha kamera polepole, kulia hadi kushoto. Mchanga ulikuwa wa kijivu cheupe, bado una joto la mchana. Weupe wa mnyama, hakuna. Karibu na matete kulikuwa na doa jeusi, pana, limetulia. Kina mama walikuwa wameosha samaki pale jioni, wakamwaga maji. Dimbwi, nikajisemea. "Njia iko wazi, piteni."

Thembo akatangulia, kama kawaida yake. Doa likasimama.

Alikuwa kiboko jike, ametoka ziwani dakika ile ile, ngozi ingali inachuruzika maji. Maji ya ziwa yalikuwa yameipoza ngozi yake kuliko mchanga. Mimi nilikuwa natafuta cheupe, naye alikuwa mweusi mbele ya macho yangu. Alimpiga Thembo kwa kichwa, akamng'ata paja. Wavuvi wakapiga mitumbwi kwa makafi yote waliyokuwa nayo, mimi nikafyatua risasi hewani, akarudi majini. Tukambeba Thembo kwenye pikipiki ya mchuuzi wa samaki hadi hospitali Kasese, mimi nimeushika mguu wake kwa mikono miwili njia nzima. Hakufa. Lakini goti lile halijakunjika tena mpaka leo.

Sasa sikilizeni sehemu yangu mbaya zaidi. Afande aliniuliza kilichotokea, nikasema, "Kiboko alitoka ghafla." Siyo uongo, eti? Juma lililofuata wavuvi wakakaa kikao. Waliokuwa nyuma hawakuwa wamesikia maneno yangu kwa Thembo, na waliosikia hawakutaka kumshitaki askari akiwa amesimama pale pale. Mwenyekiti wa mwalo akauliza, "Kafi lilipigwa?" Wakajibu, halikupigwa. "Basi Thembo ameivunja sheria." Thembo hakuwepo, alikuwa hospitali. Nami nilikuwepo, kamera shingoni. Niliogopa watanichukulia mashine, niliogopa kuchekwa. Nikanyamaza. Kafi akapewa mtu mwingine.

Baada ya muda nikahamishiwa Bwera, karibu na mpaka, na kamera yangu shingoni. Nashukuru Mungu kwa uhamisho ule, maana nilikuwa nimeanza kuzunguka njia ya nyuma nisikutane na Thembo na mkongojo wake.

Bwera tulifanya doria pamoja na wanajeshi, kuwasaka watu wenye silaha waliovuka mpaka kwa siri. Usiku mmoja nikaona weupe mkubwa katikati ya migomba, chini, umejikusanya kama watu wanne waliolala. Luteni wao, kijana wa watu, akaweka askari pande zote. "Toka! Mikono juu! Nyinyi, toka!" Hakuna aliyetoka. Aliyetokea ni bibi mmoja kutoka nyumbani kwake, amejifunga kitenge, ameshika taa. "Banajeshi, munatafuta nani? Batu habako hapa. Iko ndizi tu!"

Kweli, lilikuwa shimo la kuivishia ndizi za pombe. Alikuwa amewasha moto ndani, akapanga mikungu, akafunika kwa majani na udongo. Linakaa na joto siku kadhaa. Tulikuwa tumezingira ndizi kwa bunduki saba. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Asubuhi yule luteni akarudi kwa bibi. Nilikuwa naye. Akavua kofia, akasema mbele ya majirani wote, "Mama, usiku nilikosea. Nilikutisha bure. Nisamehe." Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Mutoto wangu, ukikosea unasema tu. Ndizi haikasirike." Akatupatia ndizi mbivu, tukala. Njiani nikamwuliza luteni kama hakuona aibu kuomba radhi mbele ya raia. Akanishangaa. "Masika, askari akikosea anasema nimekosea. Kwisha. Aibu iko wapi?"

Sikulala usiku ule. Kijana ambaye ningeweza kumzaa, na kosa la ndizi!

Miezi michache kabla ya kustaafu niliomba ruhusa ya siku moja, nikapanda bodaboda mpaka Kahendero. Nilivaa sare kamili makusudi. Ilikuwa jioni, watu wamejaa mwaloni. Thembo alikuwa ameketi pembeni, anashona nyavu za wengine. Nikamwomba mwenyekiti nafasi ya kusema, nikasimama pale alipokuwa anasimama mpiga kafi.

Nikasema, "Jioni ile Thembo hakusahau kafi. Mimi ndiye niliyemwambia aliweke chini. Mimi ndiye niliyesema njia iko wazi. Nilimwona yule kiboko nikadhani ni dimbwi. Kisha nikakaa kwenye kikao chenu, nikanyamaza. Kosa ni langu lote."

Thembo akaweka sindano ya nyavu. Akainuka, pole pole, kwa ule mguu.

"Miaka mitatu, Masika!" Hakuniita afande. "Miaka mitatu wananiita mutu aliyesahau kafi, na nikisema ni wewe, wanasema ninamusingizia askari. Mutoto wangu amepigana shuleni juu ya jina hilo. Mguu nilishakusamehe, kiboko ni kiboko. Lakini jina langu ulikuwa umelikalia wewe, na ulikuwa unajua!"

Nililia, sifichi. Mwenyekiti, mzee mwenye kikohozi, alimtazama Thembo, akanitazama mimi, kisha akamwendea aliyekuwa anashika kafi, akalichukua. Sheria inasema halirudishwi, akasema, lakini sheria ni ya mtu aliyevunja, na huyu hakuvunja. Akalitia mikononi mwa Thembo. Hakuna aliyepiga makofi. Thembo akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akisaidiwa, akapiga mara tatu. Nilikuwa sijausikia mlio ule kwa muda mrefu, nao ulinichoma na kunituliza kwa pamoja.

Nimestaafu. Naishi Bwera, nina kahawa yangu kidogo na mbuzi wawili wasio na adabu. Nimesikia siku hizi kamera zina rangi, zinaonyesha nyekundu na buluu. Nzuri sana, zitumieni, zimeokoa watu wengi mikononi mwangu. Lakini msitafute cheupe tu. Ukiona cheusi usichokijua, simama ukiulize. Na ukikosea, usingoje bibi wa ndizi akufundishe, sema siku hiyo hiyo. Naikumbuka kazi ile kila jua likizama, masikio yananiwasha.

Mwezi uliopita nilikwenda Kahendero kununua ngege. Wavuvi walikuwa wanajiandaa. Thembo alikuwa juu ya mtumbwi wake, mguu mmoja umenyooka, kafi mkononi. Hatujawa marafiki kama zamani, siwadanganyi; ananisalimu, basi. Jioni ile alipiga mara tatu, akainua mkono, sote tukanyamaza. Hakuna kilichokoroma. Matete yametulia. Wavuvi wakaanza kushika mitumbwi yao.

Thembo hakushusha mkono. Akageuza kichwa, akanitafuta kati ya watu.

"Dada Masika," akasema. "Wewe unasikia nini?"

Nikafumba macho. Mahali fulani upande wa kushoto, kwaru, kwaru, halafu ikakatika ghafla.

"Bado," nikasema. "Tungoje."

Akaitika kwa kichwa, mkono wake ukabaki juu, na mwalo mzima ukangoja.