Rangi ya Chini

Kazi yangu ni kutia bambo kwenye magunia. Niko katika ghala la mahindi hapa Kitale, na mkulima akishusha mzigo wake mimi hulichoma gunia kwa kile chuma chenye mfereji, nikavuta punje za katikati, kwa sababu juu kila mtu huweka mahindi makavu. Wakulima wa Endebess wananijua. Wengine hunisalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi, na magunia ya hao nayachoma tena upande wa pili. Mke wangu husema hata chai naikoroga kana kwamba kuna kitu kimefichwa ndani.

Basi shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alipokuja kutoka Bungoma akiendesha pikipiki nyeusi na kunikabidhi ufunguo, sikufurahi. Nilimtazama usoni kwanza.

"Chukua utumie," akasema. "Kwetu inakaa tu, inaoza."

"Ni ya nani?"

"Si nimekupatia? Ni yako."

Alikunywa chai mbiombio, akasema stakabadhi zitakuja baadaye. Wakati wa kuondoka alinishika mkono, hakuuachilia upesi. "Shemeji, kitu moja tu. Hiyo langi usikwangue, bana. Wacha ikae hivyo."

Mtu akikuambia usilichome gunia lake, utafanya nini?

Rangi yenyewe ilikuwa aibu tupu. Ilikuwa ile nyeusi ya kupaka mageti, imepakwa kwa brashi, na brashi imepita hadi kwenye raba za kukanyagia. Nywele za brashi zilikuwa zimegandia humo humo. Mama mwenye nyumba tuliyopanga, mzee ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, aliizunguka pikipiki mikono kiunoni.

"Hii imetoka Lwakhakha," akasema. "Ikiibwa upande wa Uganda, kitu ya kwanza ni kupakwa nyeusi. Utashikwa nayo, halafu ati mimi niitwe shahidi."

Hakuwa ameniambia jipya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawaza hivyo. Kitinda mimba wa kina mke wangu alikuwa akibeba abiria kwa pikipiki Lwakhakha, mpakani, na homa ilipomuua, shemeji ndiye aliyekwenda kuleta mwili na kushughulikia vitu vyake. Pikipiki ya marehemu, ambayo mimi na mke wangu hatukuwahi kuiona, tuliambiwa iliuzwa huko huko Uganda. Shemeji alirudi akiwa mtu mkimya. Wengine walisema ni huzuni. Mimi nilisema moyoni kwamba huko mpakani amejuana na watu. Nilikuwa na hakika, na niliogopa, kwa maana siku polisi wangekuja, mlango wa kubishwa ungekuwa wangu, si wake.

Nilinunua msasa, nikachanganya maji na sabuni, nikaanza kusugua nyuma ya nyumba. Maji meusi yalitiririka hadi kwenye sukuma wiki. Chini yake ilitokea rangi ya kijani kibichi, nzuri, ya kiwandani. Niliposugua ubavu wa kulia wa tangi, kikatokea kichwa cha ng'ombe, kimechorwa kwa mkono kwa rangi nyeupe, pembe moja imesimama na nyingine imelala chini. Niliketi juu ya ndoo. Nani huchora ng'ombe kama yule? Nikaamua kwamba ni alama ya genge.

Kabla ya kuendelea nilibandika karatasi nyembamba juu yake, nikakinakili kwa penseli, mstari kwa mstari. Ushahidi. Kisha nikapanga mpango wangu. Ningeipaka pikipiki kijani kile kile, pamoja na ng'ombe wake, niende nayo Bungoma bila kupiga simu, niutazame uso wa shemeji atakapoiona. Ningejua hapo hapo kama nimelishwa mali ya wizi.

Sikuwa nimewahi kupaka chochote isipokuwa ukuta. Rangi ya mkebe nilipuliza kwa karibu mno, ikatiririka machozi tangi zima. Nikasugua upya. Mara ya pili vumbi la barabarani likaja, na visubi wakatua wakafia humo. Nilivua chandarua kitandani, nikakitundika kwenye kamba ya nguo, nikaingia ndani na pikipiki.

"Watu wanapita wakiniuliza kama uko sawa," mke wangu akasema kutoka nje.

"Waambie naumwa na mbu."

Mwishoni nilikata ile karatasi kwa wembe, nikaibandika kwenye tangi, nikapuliza nyeupe. Ng'ombe alitoka safi. Nilijisifu, sina haja ya kuficha.

Asubuhi niliyosafiri, kila mtu alinitia wasiwasi. Pale Kiminini mwendeshaji mmoja alinipungia mkono, nikajiuliza ameitambua pikipiki au ni salamu tu. Askari wa barabarani hakunisimamisha, na hilo nalo sikulipenda.

Kwetu sisi Wabukusu, mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja. Miaka yote ya ndoa yangu, mama mkwe kwangu alikuwa ncha ya leso inayopotelea nyuma ya jiko kila nikiingia uani. Siku ile nilipokata kona ya boma nilimwona akitoka jikoni, nikangoja atoweke.

Hakutoweka. Alitupa mwiko, akaja mbio.

"Umekuja, baba! Baba, umekuja!"

Alishika usukani, akaweka kiganja kwenye tangi. Mimi nilikuwa bado ndani ya helmeti. Nilielewa papo hapo ni nani anayeitwa. Nyuma yake shemeji alitokea zizini, akasimama. Uso niliousafiria nikauona, nao haukuwa wa mwizi hata kidogo.

"Si nilikuambia usikwangue," akasema polepole. "Ni ya yule mdogo wetu. Mama alisema hataki kuiona tena. Nilimdanganya nimeuza, nikaificha kwa langi. Ningekuambia wewe, na vile unachimba vitu, ingemfikia."

Mama alichukua ncha ya leso akafuta vumbi usoni pa ng'ombe.

"Toa helmeti," akaniambia.

Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani. Nikaivua, nikainamisha kichwa, nikingoja akimbie kama desturi inavyotaka. Aliziba uso kwa leso, lakini mkono mwingine haukutoka kwenye tangi.

"Huyu alikuwa ng'ombe wangu, ndiye aliyemnywesha mwanangu maziwa tangu akiwa mdogo," akasema ndani ya kitambaa. "Lakini pembe umegeuza. Ya kulia ndiyo ilikuwa imelala."

Nilitazama. Ni kweli. Karatasi nilikuwa nimeibandika kinyume.

"Nitarekebisha, mama," nikasema. Hatukuwa tumewahi kusemezana.

"Rekebisha," akasema. "Halafu ulete nione."