Kibanja Changu Kwenye Taarifa ya Habari

Nakaa hapa mjini, Kahororo, kwa binti yangu tangu mguu ulipoanza kuvimba, na kazi yangu kubwa ni kuangalia televisheni. Shamba hakuna, mbele ya nyumba ni maua tu, na maua hayaliwi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini sura ya mtu nikishaiona haipotei, wala jina lake. Hawa nitakaowasema humu nawajua wote kwa majina, na baba zao. Binti kaniomba nisiwataje, maana wengine ni ndugu.

Vijana wanaoimba siku hizi wanaimba habari za magari. Mwanamume anafungua mlango wa gari, anaufunga, anavaa miwani, wimbo umekwisha. Mjukuu wangu, msichana wa kidato cha pili, anazijua nyimbo zote. Nikimwuliza huu unasema nini, anajibu, "Bibi, hausemi kitu, huu ni wa kucheza." Akiachana na mkewe, mwimbaji huyo huyo analetwa kwenye kiti, anaulizwa mbele ya nchi nzima anajisikiaje. Zamani mtu akiachwa alijifungia ndani, na majirani walijifanya hawajui. Ile ilikuwa heshima.

Ninachokipenda ni tamthilia ya Waturuki, ingawa wamewawekea Kiswahili cha kuazima, mdomo umefungwa na maneno bado yanatoka. Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyegombana na mwanawe juu ya nyumba. Binti yangu alikuwa upande wa mama. Mimi nilisema hapana, nyumba ni ya mwana, huyo mama anataka nini tena, si apewe chumba akae. Binti akaguna. Kwetu Buganguzi ndivyo ilivyo na ndivyo nilivyolelewa: kibanja, nyumba na migomba yake, ni cha baba, baba akifa ni cha mwana, na mama anakaa kwa mwana mpaka azikwe. Hata walipokuwa wanaeleza kwenye taarifa ya habari kwamba mwanamke naye ana haki ya ardhi, niliwaambia wabadilishe stesheni, nikaenda kuoshwa miguu.

Mahali pa kuzikwa sikuwa na wasiwasi napo. Mume wangu alipokufa, wanaume wa ukoo walipima nafasi kushoto kwake, wakapanda omulamula kwenye pembe. Huo ndio mti wetu wa mpaka, una majani marefu kama panga, hauliwi na mbuzi wala haufi kwa jua. Ukishapandwa, haung'olewi hivi hivi. Lazima ukoo ukae, mashahidi waje, wakubaliane. Nilipokuja huku kutibiwa nilipita pale nikaushika, nikamwambia mume wangu ninarudi.

Sasa siasa. Naipenda taarifa ya habari kwa sababu ya watu wanaosimama nyuma. Wanaoongea mbele wanafanana, kila mmoja anashukuru, anaahidi maji, anapigiwa makofi. Bomba letu Buganguzi lilifunguliwa kwa sherehe, tukala pilau, maji yakatoka siku ile ile ya pilau. Basi mimi huyo mkubwa simwangalii. Naangalia nyuma, nawataja: yule ni fulani wa Kagondo, yule aliolewa Muleba, yule mjomba wake alikuwa fundi wa mabati. Hapa ndani wananicheka. Mjukuu anasema hata Waturuki nitakuja kusema nimebatizwa nao.

Jioni moja wakaonyesha mgeni rasmi akiweka jiwe la msingi la ghala la kahawa la mfanyabiashara mmoja. Walisema wilaya ya Muleba tu, kijiji hawakutaja. Nikaanza kutaja watu kama kawaida yangu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, yuko kwenye kiti. Katekista wetu wa zamani. Jirani wa chini, mwenye jicho moja. Halafu mwanangu, mtoto wangu wa kwanza, amevaa fulana mpya na kofia mpya, anapiga makofi.

Nikasema, "Huyo ni kaka yako."

Binti hakuinua macho, alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Mama, tulia basi. Kofia zile wamevaa watu mia."

Kamera ikasogea. Nikauona mfenesi wetu uliogawanyika mara mbili, na nyuma yake bati la jiko lenye kiraka cha buluu nilichopigilia mwenyewe. Migomba hakuna. Mibuni hakuna. Udongo mwekundu mtupu, umesawazishwa kama uwanja wa shule. Nilitafuta kaburi. Lingekuwa pale pale nyuma ya bega la mgeni rasmi, na bega lile halikusogea. Pembe ya kushoto niliiona, omulamula haupo. Halafu wakaleta mpira.

Niliomba warudishe. Mjukuu akanieleza kwa upole kwamba taarifa ya habari hairudishwi. Kesho yake asubuhi waliirudia kweli, lakini wameikata, imebaki sura ya mgeni rasmi na jiwe.

Tukampigia mwanangu. Binti aliweka simu kwenye sauti kubwa. Mwanangu alinisalimia vizuri sana, akauliza mguu, akauliza dawa. Nikamwuliza kibanja.

"Mama, kibanja ni cha tata, na marehemu baba aliniachia mimi," akasema. "Migomba ilikwisha kwa mnyauko, unajua mwenyewe. Na sikufanya kwa siri. Ukoo ulikaa, wazee wakaja, omulamula ukang'olewa kwa mashahidi."

Kila alilosema ni lile nililomfundisha.

"Na baba yako?"

"Tutamhamishia makaburi ya parokia. Padri amekubali."

"Na mimi?"

Nilisikia kuku wa mtu kwenye simu. Kisha akasema mtandao unakatika, na mtandao ulikuwa haukatiki.

Binti alilia kunipita mimi. Akasema twende baraza la ardhi, kwamba yule mama wa kwenye tamthilia alishinda, nyumba akarudishiwa. Nikamwambia yule alikuwa na mashahidi. Wangu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wanapiga makofi, nami naweza kuwataja kwa mpangilio walivyokaa, kuanzia kwa baba yake mdogo. Nani kati yao atasimama aseme hakuitwa? Wote waliitwa. Mimi tu ndiye sikuitwa, na kwa desturi yetu mimi si wa kuitwa.

"Utazikwa huku, waitu, mama yangu," binti akasema. "Kanisa lipo, makaburi yapo, nitakuja kila Jumapili."

Ni mtoto mzuri. Lakini nimepita pale kwenye makaburi ya huku. Misalaba imepangwa kama vitanda vya bweni, na sikuona jina hata moja ninalolijua.

Mume wangu walimhamisha mvua zilipoanza. Sikwenda, mguu haukukubali. Walinitumia picha kwenye simu ya binti. Parokiani wamemweka kati ya watu wawili, kushoto mtu, kulia mtu.

Tamthilia imeisha, wameleta nyingine, ya Wahindi. Binti ananieleza nani ni mtoto wa nani, namsikiliza. Taarifa ya habari ikianza siku hizi sitaji mtu. Juzi walionyesha mkutano wa kampeni kule kule kwetu, watu wamejaa, na mjukuu akanisogelea makusudi ili nifurahi. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Bibi, huyu nani?"

Alikuwa jirani wa chini, mwenye jicho moja. Nilimpokea mimi mwenyewe siku aliyozaliwa.

Nikasema simjui.