Nimesoma Zote

Ambrosi hakusomea kompyuta popote. Alikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na stendi ya Makambako, na alichokijua kuhusu tovuti alijifunza mwenyewe kwa kuharibu na kurekebisha. Hata hivyo ukoo ulimtwika tovuti yake, na kwa kuwa hakujua kukataa, akaibeba.

Tovuti hiyo ilizaliwa na ugomvi. Alipofariki babu yao wa kijiji cha Yakobi, watu walinuniana mwaka mzima kwa sababu huyu alipigiwa simu asubuhi na yule mchana. Ni ukoo wa ajabu, hata msibani wanapimana nani anathaminiwa zaidi. Basi wazee wakakata shauri kwamba habari za ugonjwa na kifo ziwekwe mahali pamoja, na chini ya kila taarifa yaonekane majina ya waliosoma. Jina lako likionekana, umeshaambiwa. Mambo ya kupigiana simu mmoja mmoja yakaishia hapo.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka watu walipogundua kwamba pale panaweza kuwekwa kila kitu. Zikaingia picha za maparachichi, mistari ya Biblia, ubishi wa mpira, na harusi za watu ambao hakuna aliyewajua. Mtu asipoingia kwa wiki moja tu, alikuta taarifa zinazomsubiri zimejaa hadi anakata tamaa. Aliyemkalia kooni Ambrosi ni binamu yake Silvanus, wa mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini.

"Mdogo wangu, tuwekee kitu mtu abonyeze mara moja yaishe. Mimi nina kazi, siwezi kufungua salamu moja moja."

"Sawa, kaka. Nitaona."

Akaweka kitufe kilichoandikwa Nimesoma zote. Ukikibonyeza, kila taarifa inahesabika umeisoma na jina lako linajiandika chini yake. Watu walimshukuru kwa kitufe hicho kuliko walivyowahi kumshukuru kwa tovuti yenyewe. Naye alikitumia kama wenzake. Jumatatu moja, wanafunzi wakiwa wamejaa dukani, alikibonyeza bila kutazama, akarudi kwenye mashine yake.

Alhamisi simu yake ikaita. Alikuwa Flora, jirani wa Shangazi Oktavia kule Manda, kando ya ziwa. Shangazi huyo ndiye aliyemlea Ambrosi tangu mama yake alipofariki, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumwita wake. Flora alisema shangazi amefariki alfajiri.

"Amefariki? Kwani alikuwa anaumwa?"

"Kaka Ambrosi, si tuliandika? Niliandika mimi mwenyewe Jumapili, yeye akinitajia maneno."

Ambrosi alifungua tovuti. Taarifa ilikuwapo, imebanwa kati ya picha ya maparachichi na ubishi wa mpira. Shangazi Oktavia anaumwa sana, anamwomba Ambrosi aje kumpeleka hospitali. Chini yake yalijipanga majina ya karibu ukoo mzima, na lake likiwamo. Hakuna aliyejibu hata neno moja.

Alisafiri siku hiyohiyo, akawahi kuzika. Walipotawanyika watu alimfuata Flora kibarazani, maana moyo ulikuwa unamuuma na hakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Dada Flora, mimi sikuisoma. Kuna kitufe pale, mtu akibonyeza..."

Akaeleza mpaka mwisho, huku akiyasikia maneno yake mwenyewe yanavyopwaya. Flora alimsikiliza bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Alipoliona jina lako alifurahi sana," Flora akasema. "Akaniambia nimchemshie maji aoge, usimkute katika hali ile. Mimi nikasema tukupigie. Akakataa, eti tusikusumbue, uko njiani. Kila asubuhi nilimvalisha gauni lake la kanisani, nikamtoa hapa nje, akawa anatazama barabara."

Ambrosi alishindwa kuinua uso. "Hata jana yake?"

"Hata jana yake. Alisema huenda gari limekuharibikia. Akaomba tukusalie, ufike salama."