Choo Nilichowafungia Watu

Hii nimeinyamazia sana, na hata sasa nikiisimulia natazama chini, kwa hivyo mnivumilie. Mimi ndiye nilikuwa mhamasishaji wa afya kijijini kwetu huku Rusinga, yule mama wa kupita boma kwa boma akiuliza watu wanajisaidia wapi (kazi isiyokupa marafiki), na baada ya kubembeleza na kugombana, kila boma likachimba choo. Ikabaki tu wakaguzi waje kutoka Homa Bay, waone, halafu kijiji kitangazwe mbele ya watu kwamba hakuna tena anayeenda vichakani.

Bwana afya aliniambia wataanzia kwangu. Basi asubuhi nikasugua choo mpaka sakafu ikang'aa, nikaweka maji na sabuni mlangoni, halafu nikawaza, hawa watoto wa jirani wataingia wakichafue, nikachukua kufuli ya stoo nikafunga, ufunguo nikautia kwenye sidiria, nikaenda shuleni kupokea wageni na leso yangu mpya.

Sikujua mama mkwe ameamka Mbita akapanda boda aje anione nikipongezwa. Mama ana ugonjwa wa sukari, na mwenye sukari akibanwa hawezi kungoja (mimi ndiye huwafundisha watu hayo). Akakuta boma tupu, majirani wote wako shuleni, choo kina kufuli.

Nasi hao tukaja, wakaguzi, chifu, bwana afya na nusu ya kijiji nyuma, mimi mbele nikieleza kwa sauti kwamba hapa kwangu hata mgeni akija ghafla hapati shida, tukazunguka jiko, na mama mkwe akainuka kutoka kichakani akishikilia sketi yake. Macho yetu yakakutana. Huyu ni mtu ambaye hata kukohoa mbele yake mimi huomba radhi.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mkaguzi mmoja, mwanamke, akamuuliza polepole, "Mama, hukuona choo?"

"Nimekiona. Kimefungwa." Akanigeukia. "Nyar Migori," (ndivyo anavyoniita, binti wa Migori) "hiki choo mlimjengea nani?"

Nikaanza kuutafuta ufunguo kifuani, chifu akitazama pembeni, ukaanguka, bwana afya akauokota. Mkaguzi akasema pole, siku hiyo hawawezi kututangaza. Kule shuleni hema lilikuwa limesimama na wali umeiva, watu wakala, na jirani yangu mmoja mjane, aliyechimba choo chake kwa jembe mwenyewe, hakula, alikuwa ananiangalia tu.

Wakaguzi walirudi baadaye, tukapita. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Tangu hapo niliapa sitamnyima mtu kitu anachokihitaji eti kikae kizuri kwa wageni, na choo changu sasa kiko wazi hata kikichafuka, nitaosha.

Lakini Mbita ilibidi niende. Mama alinikaribisha, akanipa chai, akanisikiliza nikiomba msamaha mpaka nikamaliza.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila mimi huko kwenu sirudi. Wewe ndio utakuwa unakuja."

Naenda, kila mara. Binti yangu akiniuliza kwa nini nyanya haji kwetu, mimi humtuma akatafute kuni.