Hita ya Papa Achille

Mimi nimezaliwa Pemba, baridi siijui wala sitaki kujuana nayo, lakini mtu anayeiogopa kama Papa Achille sijamwona Durban nzima. Na Durban yenyewe baridi iko wapi, jamani? Mwezi wa saba, ndio kipupwe chao, watu wanakwenda ufukweni na kaptula. Yeye anapanda Prado yake pale Overport, anafunga vioo vyote, anawasha hita mpaka mwisho, anawasha na ile ya kwenye viti, ndipo anateremka Clairwood kufungua duka lake la matairi ya malori. Anafika amelowa jasho, anajipangusa kwa leso, halafu anakutazama bila haya na kusema, "Eish, leo baridi iko mingi."

Jina lake hasa ni Barthélemy, mtu wa Uvira, lakini Wakongo humwita mtu kwa mwanawe wa kwanza, nasi sote dukani tukafuata. Mimi nawafungia wateja matairi, na yeye akiwa na safari ya mbali namwendeshea gari. Namsema kila siku, sikatai. Ila nitakwambia na hili. Alipoingia nchi hii alilinda magari ya watu kwenye maegesho ya kando ya bahari, miaka kumi na miwili, kisibau cha njano kifuani, upepo ukimpiga huku na mvua ikimpiga kule. Huko ndiko alikoapa kwamba siku atakayonunua gari lake, yeye na nje wameachana talaka tatu. Siku ya kununua, wenzake wangeuliza habari za injini. Yeye alikaa kitini, akabonyeza kitufe, akafumba macho mpaka makalio yakapata moto, akasema analichukua. Gari la kupandia milima lile, linasukuma kwa magurudumu yote manne, na kwa miaka mitatu mlima wake ulikuwa ni kile kilima cha Overport.

Sasa, Achille mwanawe anafanya kazi kwenye ofisi ya meli bandarini, kijana mpole, na alimpenda mwalimu mmoja wa Kizulu, Nokwazi, binti wa ukoo wa Zondi. Kwao ni mbali, kule juu kupita Underberg, chini ya milima yenyewe ya theluji. Baba yake binti alikwisha kukataa mara mbili kuzungumza na wageni asiowajua. Mara ya tatu akalegea: njooni Jumamosi, mapema, mje kwa utaratibu wetu. Mkiuharibu, msirudi tena. Achille alikonda kwa wiki ile moja. Alikuwa akija dukani jioni kumfundisha baba yake, maana bwana harusi mwenyewe haruhusiwi kwenda.

"Papa, unashuka, unasimama inje ya geti. Unaita majina ya ukoo kwa sauti: Zondi! Nondaba! Gagashe! Unasema kile mumefuata. Halafu munangoja. Hata bakikawia, papa, usichoke."

"Sharp, sharp," akajibu Papa Achille, kama mtu anavyoitikia jambo ambalo ameshaamua kulifanya kivyake.

Tulikwenda watatu: yeye, mdogo wake Zénon ambaye ni shemasi kanisani kwao, na mimi, dereva na mkalimani, kwa Kizulu changu cha madereva wa malori. Tuliondoka Durban giza halijatoka. Papa Achille alivaa suti ya buluu, kitambaa chepesi kama shuka la hotelini, na viatu vya ncha. Koti kubwa alilikataa katakata.

"Koti inafichaka suti," akasema. "Na koti ya nini? Tuko na hita."

Kupita Bulwer, barabara ikaanza kung'aa. Nikajua ile si maji. Nikatia magurudumu yote manne, nikaachia mafuta, nikawa nakwenda kama nabeba mayai, maana barafu ukiikanyagia breki inakupeleka inakotaka yenyewe. Kwenye kona moja yenye kivuli gari likacheza mkia, Zénon akaanza Zaburi kwa sauti, mimi nikaomba yangu kimoyomoyo. Papa Achille hakuona kitu. Alikuwa amelala, mdomo wazi, mashavu yanang'aa kwa jasho.

Tukafika. Nyumba ndogo ya matofali, kando yake kibanda cha mviringo cha nyasi kinachotoa moshi, zizi, na geti la waya. Majani yote meupe kwa jalidi, umande ulioganda. Kipimo cha gari kilionyesha nje ni chini ya sifuri. Nikazima injini, Papa Achille akanigutukia kama nimemkanyaga.

"Washa! Weye unataka tukufe?"

Nikawasha. Nikamwambia, "Papa Achille, kushuka sasa. Achille amesema tusimame nje."

"Jecha, sikia. Kwetu Uvira mutu akienda kwa bakwe, anangoja. Banatuma vijana kumupokea, banamushika mukono, banamukalisha. Mutu wa heshima hapigake kelele inje kama mulevi. Lakini kwa sababu mutoto amesema tuite, tutaita."

Akashusha kioo. Wallahi sitii chumvi: alikishusha upana wa vidole vitatu, joto lisitoke. Akapeleka midomo pale kwenye ufa, akaita, "Zondi! Nondaba! Gagashe!" Kisha akakipandisha haraka, akasugua mikono mbele ya hita. Utadhani anaagiza chipsi na kuku.

Kimya. Pazia likatikisika kidogo, likatulia. Akangoja, akashusha tena vidole vitatu, akaita. Kimya. Mara ya tatu akaniagiza nipige honi. Nikakataa. Akanyoosha mkono mbele yangu akaipiga mwenyewe, na mbwa wote wa kijiji wakamjibu. Zénon nyuma akauliza kwa unyonge kama ingekuwa vizuri sisi kushuka, akaambiwa anyamaze, shemasi anajua mambo ya mbinguni tu. Vioo vikajaa ukungu kwa pumzi zetu. Tukawa hatuoni nyumba, na nyumba haituoni. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiwasha. Nilikuwa namfikiria yule kijana, ameketi Durban na simu mkononi, na baba yake hapa anakaanga makalio.

Jua likapanda. Simu ikalia, Achille. Papa Achille akaiweka kwenye spika, na sote tukasikia kuwa mtoto analia.

"Papa, muko wapi?"

"Tuko hapa! Mbele ya geti! Bakwe wako hawana adabu, hawafungue."

"Nokwazi amenipigia. Baba yake anasema hakuna mutu amefika. Anasema gari ndiyo imefika. Mutu hajafika. Likishuka jua upande wa zizi, anafunga maneno, papa. Anafunga kabisa."

Akakata. Hita inavuma. Papa Achille akautazama ule ufa wa kioo, kilikuwa bado hakijafunga vizuri. Akautia vidole vyake, kimoja, viwili, vitatu. Nikaona uso wake umebadilika, umekuwa wa mtu mwingine kabisa.

"Hivi njo walikuwa wananifanya," akasema polepole. "Pale beach. Mutu yuko ndani, anafungua kidogo hivi, anaangusha sarafu, haniangalie. Miaka yote ile nilikuwa nawatukana mu moyo. Nilikuwa nasema: Mungu, hawa batu walizaliwa na nani?"

Nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia, nimeyapanga toka asubuhi. Nikayameza.

Akafungua mlango. Upepo ukaingia kama maji ya kisima, nikapiga yowe, sioni aibu kusema. Yeye alikwishasimama getini, suti imemganda mwilini, suruali inapepea. Tukamfuata, tukajipanga pembeni yake. "Zondi!" akaita. Sauti ikakatika. "Nondaba! Gagashe! Tumekuja kuomba!" Mimi nikageuza kwa Kizulu, meno yakigongana hata neno sikulitambua. Akaita tena. Na tena. Kila akiita moshi unamtoka mdomoni. Viatu vyake vya ncha vikateleza, akapiga goti moja kwenye jalidi, akainuka, akaita akiwa bado anajipangusa. Nilimwambia apumzike, Zénon ampokee. Akanisukuma. Alikuwa akilia, na akisema ni upepo.

Sijui tulisimama muda gani. Vidole vya miguu nilikwisha kuvisahau. Ndipo mlango ukafunguka, kijana mmoja akaja akafungua waya bila neno, akatutangulia kwenye kile kibanda.

Mzee Zondi alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na moto, kofia mapajani, suti nyeusi ya zamani iliyopigwa pasi mpaka imepata mng'aro. Ndugu zake pande zote, wamevaa vizuri. Sisi tukawekwa chini kando ya mlango, mahali pa waombaji, na upepo unaingia chini ya ubao wa mlango. Mama Zondi ndiye aliyesema kwanza. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Tuliwaona toka mlipofika," akasema, nami nikamgeuzia Papa Achille. "Chai ilikuwa tayari. Tuliliona gari lenu kubwa. Mkaita, hamshuki. Mkaita, hamshuki. Mume wangu akasema wameitazama nyumba yetu kwa kioo, wameona na kibanda cha nyasi, wameona haya kutia mguu. Mwanangu kanikumbatia, analia, ananiambia mama tusamehe."

Lo! Na sisi muda wote ule tunawaona wao ndio wenye kiburi.

Mzee yule wa Uvira, mwenye maneno mengi kuliko redio, alifungua mdomo, ukakataa. Midomo ilikuwa imekufa ganzi. Alijaribu Kifaransa, akaacha. Mwishowe hakuningoja mimi, akamtazama yule mama, akasema kwa Kizulu chake cha maegesho, "Ngiyaxolisa, mama." Nisamehe, mama. Kisha, kwa sauti iliyokwaruzika, neno moja tu lililobaki kichwani: "Bekubanda." Kulikuwa na baridi.

Nikasema basi, yamekwisha, turudi zetu. Mtu anakuja kuomba mke, anasema kulikuwa na baridi!

Ndugu wote wakamgeukia mzee Zondi. Naye akamtazama Papa Achille kwa kituo: suti iliyolowa goti, viatu, mikono inayotetemeka bila kificho.

"Baridi?" akasema. "Baridi ya mwaka huu bado haijaanza."

Akajisogeza kwenye benchi, akampisha karibu na moto.