Mshahara Mpya wa Mkunga

Sikusomea uhasibu wala sheria. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kuwa mhudumu wa afya, na kwa miaka mingi sasa nakaa chumba cha kumbukumbu cha kituo kimoja huku nyanda za juu za Iringa, ninakoandikisha wagonjwa na kutafuta majalada yao. Mengine ninayoyajua niliyapata kwa kusoma. Sheria ya mafao ya watumishi niliitoa nakala kwenye stationari ya mjini, nikaisoma majira mawili ya baridi. Maneno yaliyonishinda niliyapigia mstari kwa penseli hadi nilipopata mtu wa kumuuliza.

Wenzangu walipogundua, wakaanza kuniletea slipu zao. Mshahara ukitoka, watu watatu au wanne walikuwa wakisimama mbele ya dirisha langu na simu mkononi.

"Bwana Makato, hebu niambie wamenila wapi."

Niliwachorea safu kwenye kaunta buku: mshahara kabla ya makato, kodi, bima, chama, mfuko wa pensheni, kinachobaki. Sikumtoza mtu hata shilingi. Nakiri pia kwamba niliipenda kazi ile. Nilipenda kuona mtu mwenye diploma akiinama dirishani kwangu kusikiliza.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa mkunga wetu mkubwa. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe. Kazi aliianzia upande wa Mbeya, kwenye tambarare za Usangu, akizalisha wake za wafugaji walioletwa kwa mikokoteni ya ng'ombe. Baadaye aliomba uhamisho kuja Iringa, alikoolewa. Aliniita mdogo wangu, nami nilimwita dada. Wakati ninaousimulia alikuwa na miaka hamsini na mitano na mgongo uliokwisha. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, aliegemea ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo na mwenzake akamfunga kitenge kiunoni, akikikaza kama anayefunga mzigo wa kuni.

Kwa umri ule sheria ilimruhusu kustaafu kwa hiari, na alikwisha kuamua. Ndipo ikaja barua ya kumpandisha daraja. Ilikuwa imechelewa miaka, kwa sababu jalada lake lilikuwa likienda na kurudi kati ya mwajiri wa zamani na mwajiri mpya. Kwetu, anayepanda daraja hununua kreti ya soda na chapati za wodi nzima siku ileile ya barua. Hakuna anayesubiri kuona slipu. Naye alinunua.

Akaja dirishani na barua.

"Nimeshawalisha chapati, sasa niage," alisema kwa kutania.

Nilimwambia asiage. Pensheni, nilimweleza, hupigwa kwa wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora. Akiondoka sasa, daraja jipya halitahesabika hata kidogo. Akikaa miaka mitatu kuanzia tarehe ya barua, litahesabika lote, na litamfuata kila mwezi hadi kufa kwake. Nilimchorea safu mbili, ya kuondoka na ya kubaki.

"Miaka mitatu kwa mgongo huu?"

"Miaka mitatu, dada. Kisha unapumzika na kitu mkononi."

Akabaki.

Mshahara wenyewe haukubadilika. Tuliambiwa bajeti haijakaa sawa. Ulibadilika baada ya miezi kumi na minne, na mwezi huohuo akalipwa malimbikizo ya miezi yote iliyopita. Malimbikizo yakaisha kwenye mabati na ada za wajukuu. Mwezi uliofuata akaja na slipu ya kawaida, amekunja uso.

"Mdogo wangu, hii ndiyo nyongeza au wamenirudishia chenji?"

"Ndiyo nyongeza."

"Mbona soda nilizonunua zilikuwa kubwa kuliko hii?"

Mtu wa dawa alikuwa nyuma yake kwenye foleni. "Mama, si ungetununulia maji tu. Ulijifanya tajiri."

"Wewe nyamaza, ulikula chapati nne."

Nilimwonyesha mstari kwa mstari. Mshahara ukipanda, kodi hupanda, na asilimia tano ya mfuko wa pensheni hukatwa kwenye mshahara mpya, si ule wa zamani. Alitia kidole kwenye mstari wa pensheni.

"Hii ndiyo inayonikera. Mimi mgongo unauma leo, wao wananiwekea ya kesho."

"Haipotei," nikasema. "Inakusubiri. Na miezi kumi na minne umeshaivuka."

Nilisema hivyo nikiwa na slipu ya mwezi uliotangulia, ile ya malimbikizo, mbele yangu pia. Kwenye slipu ile hapakuwa na mstari wa pensheni. Niliona. Nilidhani mchango wa miezi ile umepelekwa kwa njia nyingine, kwa kuwa barua ilitaja tarehe, na mimi niliamini tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya serikali inafanya kazi yenyewe. Sikumuuliza mtu.

Ilipobaki miezi sita kutimia miaka mitatu, nilimwandikia notisi ya kustaafu. Miezi miwili baadaye tukapanda basi kwenda Iringa mjini kuhakiki taarifa zake. Ofisi ya mfuko ilikuwa ghorofani. Alipanda ngazi kwa ubavu, mguu mmoja kisha wa pili kwenye ngazi ileile, mimi nyuma yake na bahasha.

Binti wa mezani alimwamkia vizuri, akamletea kiti, kisha akageuza kompyuta ili tuone.

"Mama, mshahara mpya kwetu unaanzia hapa."

Nikasoma mwezi ule. "Barua inasema mapema zaidi. Miezi kumi na minne kabla."

"Barua nimeiona, baba. Sisi tunasoma mchango. Miezi hiyo mchango ulikuja wa mshahara wa zamani."

"Lakini malimbikizo alilipwa."

"Alilipwa yeye. Sisi hatukuletewa cha kwetu. Mwajiri ndiye anayeleta."

"Kwa hiyo?" aliuliza dada.

"Kwa hiyo ukistaafu tarehe hii, wastani wako unachanganya mishahara miwili. Ukitaka miaka mitatu kamili ya mpya, ni hadi miezi mingine kumi na minne baada ya tarehe yako. Au mwajiri alete tofauti."

Njiani kurudi hakunilaumu. Alinunua mahindi ya kuchoma dirishani mwa basi, akanipa moja. Nililishika hadi tukafika.

Kwa mwajiri tulipokelewa na afisa utumishi, mtu mpole, aliyetusikiliza mpaka mwisho. Alisema malimbikizo hayakupita mezani kwake. Yalitoka juu, yakaingia benki moja kwa moja. Hakuwa na fungu la kulipia mchango wa miezi ambayo mshahara mpya haukuwa kwenye orodha yake ya malipo.

"Andikeni barua," alisema. "Nitaipandisha."

Niliandika. Baada ya wiki tatu nikaandika ya pili, nikaambatanisha slipu na taarifa ya michango. Nilipopeleka ya tatu, karani wa masjala aliniambia zile mbili hazijaunganishwa kwenye jalada, kwa sababu jalada limepelekwa Mbeya kuhakiki miaka yake ya mwanzo ya ajira. Litarudi lini? Alinyanyua mabega. Hakuwa mtu mbaya. Kila niliyezungumza naye alinieleza mipaka ya kazi yake, na kila mmoja alisema kweli.

Ukabaki mwezi mmoja. Dada akaja dirishani.

"Niandikie barua ya kuifuta ile notisi. Nitabaki hiyo miezi."

Nikaiandika. Akaitia saini, akaniachia niipeleke kwa mganga mfawidhi, ambaye siku ile alikuwa safarini.

Kesho yake asubuhi, wodi ya wazazi, alikuwa akimsaidia mama mmoja kushuka kitandani. Mtoto alikuwa na saa mbili tu duniani. Dada aliinama kumwekea ndala, na hakuweza kuinuka. Sikuwapo, nilisikia mlango ukigongwa na wauguzi wakikimbia. Nilipofika, yule mzazi, ambaye hakupaswa hata kusimama peke yake, alikuwa amemshika mkunga wake kwapani kwa mikono miwili, anamwambia kwa Kihehe kilichochanganyika na Kiswahili atulie, atulie, wanakuja. Dada alikuwa anatazama sakafu. Tulimlaza kitanda cha jirani, na kwa nusu saa walilala pale sambamba.

Alirudi kazini baada ya siku tisa, akitembea kwa kushika ukuta. Akasimama dirishani. Hapakuwa na mtu kwenye foleni.

"Ile barua umeipeleka?"

"Bado. Iko hapa."

"Nikibaki, hesabu inakaa sawa?"

"Kwa hesabu, ndiyo."

"Ungekuwa wewe?"

Nilikuwa na kaunta buku mbele yangu, kalamu mkononi. Nilikuwa nimemjibu kila mtu aliyewahi kuniuliza swali dirishani pale. Nikamwambia sijui.

"Nipe."

Nikampa. Hakuichana. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa sare pamoja na kalamu zake, akaenda kuripoti zamu. Mfawidhi alimweka kliniki ya watoto, kwenye mzani, kwa siku zilizobaki. Aliondoka tarehe ileile iliyokuwa kwenye notisi, akahamia kwa mama yake Rungwe.

Pensheni yake ya kwanza ilipoingia alinitumia picha ya ujumbe wa benki, bila neno lolote. Nilichukua karatasi, nikapiga hesabu mara mbili: miezi ya mshahara mpya, miezi ya zamani, wastani, miaka ya utumishi. Kiasi kililingana hadi shilingi ya mwisho na hesabu hiyo.

Nikamwandikia: Ni sahihi, dada.

Akajibu: Asante, mdogo wangu.