Rubisi ya Hamira

Shangazi yangu wa Isingiro hukaanga maandazi sokoni, na hamira anaiamini kuliko anavyomwamini mchungaji wake. Uji ukichelewa kuchachuka, hamira. Unga wa chapati, ambao hauna haja nayo, hamira. Hata choo cha shimo kilipoanza kunuka alimwaga humo pakiti nzima, na harufu ikapungua kweli. Tangu hapo haambiliki.

Nilipokwenda kuposa binti kule Nyakatuntu, ni yeye aliyepewa kazi ya kuandaa rubisi. Kwetu pombe hii ya ndizi huchachushwa kwa mtama uliokaangwa, kisha watu hungoja. Mvua ikanyesha, baridi ikaingia, rubisi ikalala doro. Shangazi hakungoja. Alitia hamira, akamimina kila kitu kwenye dumu na kukaza kifuniko kwa nguvu zote. Kibuyu, ambacho huzibwa kwa majani ya mgomba ili pombe ipumue, alikiona ushamba.

Mimi nilikuwa na hofu nyingine. Baba wa binti ni mzee wa kanisa la Kilutheri, na alishatuma ujumbe kwamba pombe haigusi. Ukoo wake nao ukashikilia kwamba baba asipoonja rubisi, hakuna posa. Nilimpenda yule binti mpaka chakula kilikuwa hakipiti, na sasa baba yake na ukoo wake walikuwa wanavutana juu ya kichwa changu.

Dumu lilifika kwa bodaboda, limevimba. Tuliamkia shikamoo, mshenga akamwaga maneno yake matamu, na mzee akajibu kwa upole kwamba yeye angeonja soda. Mama yake, bibi kizee aliyeketi mkekani, akakataa katakata. Ubishi ulipokolea, shangazi akaamua kuwanusisha kile walichokuwa wanakigombea. Akalegeza kifuniko.

Kifuniko kilipiga dari. Povu likamvaa mzee wa kanisa kuanzia kwenye kipara mpaka kwenye tai. Nilijua nimekwisha, na nilitamani kumnyonga shangazi papo hapo.

Mzee, bila kufikiri, akalamba mdomo wa juu. Halafu akalamba tena.

"Ameonja," alisema mama yake.

"Imenirukia, mama."

"Ya kwanza ilikurukia. Ya pili je?"

Mzee alijifuta kipara taratibu, akanitazama kwa uchungu, akaniita mkwe.